Safari ya Dzombo

Msomaji, ni katika bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako tarehe 12 Desemba 1970 roketi ilirusha angani setilaiti iliyoitwa Uhuru. Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe katika Kilifi, naye alirusha chombo chake, ila kwa kalamu. Nakusudia Walenisi, riwaya yake ya tatu na ya mwisho, iliyotoka mwaka 1995.

Dzombo amehukumiwa kufa. Anatiwa chomboni na kutupwa angani, lakini hafi. Anakiongoza chombo hata akashukia sayari ambayo jina lake, ukilikata vipande, husema: wale ni sisi. Mtungaji aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani aliijua hukumu ilivyo, na kurasa hizo zinatisha kweli.

Tukishafika, mwendo hupungua. Wenyeji waeleza mno, na mgeni akubali upesi mno. Laiti mmoja wao angalikuwa mkaidi! Wanafunzi wangu wananipinga: aliyetoka penye amri, wasema, hana budi kusikiliza kwanza. Huenda wana haki. Nimezirudia sura zile mara mbili kwa ajili yao.