Uzi wa Tatu: Uhakiki wa Kijitabu cha Luther juu ya Sala (1535)

Mapema mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake wa Wittenberg, Peter Beskendorf, kijitabu juu ya njia rahisi ya kusali. Amweleza jinsi yeye mwenyewe, moyo upoapo kwa wingi wa shughuli, achukuavyo Zaburi yake, aingie chumbani au kanisani, na kuzinena Amri Kumi mpaka moyo upate moto. Amfundisha pia kwa mfano wa wembe: kinyozi mwenye maneno mengi na macho ya kuzurura aweza kumkata mtu koo, kadhalika sala yataka moyo wote.

Nguvu ya kijitabu ni hiyo. Kitenzi cha Kiebrania kitafsiriwacho “kutafakari” katika Zaburi 1:2 ndicho kitumiwacho kwa ngurumo ya simba (Isa. 31:4) na kwa maombolezo ya hua (Isa. 38:14). Tafakari huanza kinywani. Kisha Luther aisokota kila amri kuwa shada la nyuzi nne: fundisho, shukrani, ungamo na ombi. Wala hataki maneno yake yakaririwe; Roho akianza kuhubiri moyoni, msomaji na anyamaze asikie.

Udhaifu upo. Kijitabu hakimfundishi msomaji kuuliza neno liliandikiwa nani, na kwa sababu gani. Mwanafunzi wa ufafanuzi wa Biblia ataliona pengo hilo, lakini darasa laweza kulijaza.

Swali zito ni jingine. Siku moja kabla ya Pasaka ya mwaka uo huo, Peter alimchoma kisu mkwewe, akamwua. Luther alimtetea, naye akahukumiwa kuhamishwa. Mtu aliyefundishwa kuitafakari amri ya tano, kwa hesabu yetu Walutheri, ndiye aliyeivunja. Je, tafakari imeshindwa?

Imeshindwa, ikiwa tuliihesabu kuwa hirizi. Kijitabu hakiahidi hivyo. Uzi wa tatu, ungamo, ulikuwa umekwisha kusokotwa kabla kisu hakijachomolewa. Aliyeanguka ana mahali pa kuushika. Naye Luther, alipoeleza mwaka 1539 namna ya kujifunza theolojia, aliweka pamoja sala, tafakari na jaribu. Imani huimarishwa na Neno lililoshikwa ndani ya jaribu, si na Neno linalotuepusha nalo.

Kwetu sisi watumishi uzi huo ndio ukatikao upesi. Twaifungua Biblia Jumamosi usiku tukitafuta fundisho kwa ajili ya washarika. Twashukuru, twaomba, lakini hatuungami. Neno latupitia kama maji mferejini: mashamba ya wengine yanywa, na mfereji wenyewe hauoti kitu.

Kwa hiyo twakisifu kijitabu hiki kwa wachungaji kuliko hata kwa vinyozi. Kila fungu la mahubiri, mhubiri na alisokote kwanza kwa ajili ya nafsi yake, wala asiuruke uzi wa tatu.