Dirisha Lililogeuka Mlango

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita haihitaji kugeuzwa ili ipangishwe. Ilizaliwa hivyo. Ingia katika mojawapo ya zilizobaki Magomeni au Ilala: mlango wa mbele unakupeleka kwenye ukumbi mwembamba unaopita katikati ya nyumba, kulia vyumba vitatu, kushoto vitatu, na mwisho wake mwanga wa uani. Kila chumba kina mlango wake ukumbini na dirisha lake nje. Choo, bafu, jiko na kamba za nguo viko uani, baraza ni ya wote. Mwenye nyumba akitaka, atakaa vyumba vitatu na kupangisha vitatu. Mambo yakimbana, atajikunja kwenye kimoja na kupangisha vitano, wala fundi haitwi. Cha mbele kinachotazama barabara hutobolewa ukuta kikawa duka.

Siri yote imo kwenye ukumbi. Hakuna anayepita chumbani kwa mwenzake kwenda chooni. Ndiyo maana nyumba ile iliweza kujengwa kidogo kidogo: vyumba viwili vikipata bati, wanaingia wapangaji, na kodi yao ya mbele inanunua saruji ya vyumba vinavyofuata. Hata siasa haikuifuta. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba nyingi za vyumba sita hazikufikia thamani hiyo, zikaendelea kupokea wapangaji.

Sasa tazama nyumba tunazojenga leo Kimara, Tabata au Goba. Sebule iko katikati. Vyumba vyote vinatokea hapo au kwenye kikorido kinachoanzia hapo, na choo cha wote kiko kwenye kikorido hichohicho. Mgeni akitaka kwenda haja, lazima akupite ukiwa umekaa unatazama taarifa ya habari. Nyumba ya namna hii inafaa familia moja, tena ile inayosikilizana. Watoto wakiondoka, vyumba vinabaki vitupu na bado havipangishiki.

Yetu ya Tabata ilikuwa hivyo: vyumba vitatu, kimoja masta chenye choo chake, na katika nyumba nzima amebaki mama na mjukuu mmoja. Mama alikubali wapangaji kwa sharti moja, kwamba mlango wake wa mbele usiguswe wala asipite mtu asiyemjua. Nililiona sharti la kizee. Baadaye nikagundua kwamba ndilo lililotupa ramani: milango ya wapangaji itoke pembeni na nyuma, na kila kaya iwe na njia yake.

Kuta za nyumba yetu ni za tofali, na juu ya kila tundu kuna linta ya zege yenye nondo inayobeba uzito. Ukitaka kutoboa mlango mpya mahali palipo ukuta mtupu, ni lazima kwanza uingize linta mpya, uegemeze ukuta, usubiri zege likauke. Penye dirisha kazi hiyo imeshafanyika. Kwa kawaida kichwa cha dirisha na cha mlango viko kimo kimoja, kama futi saba kutoka sakafuni. Unang'oa nondo za usalama na fremu, unashusha tofali za chini ya dirisha mpaka kwenye msingi, na upana unaozidi unaujaza tofali ubavuni. Dirisha la masta lililotazama nyuma likawa mlango kwa siku mbili. Mlango wa zamani wa kuingilia ndani ukazibwa. Tukaongeza kibaraza chenye sinki na mahali pa jiko la gesi, na dirisha dogo ubavuni ili chumba kisikose hewa. Hicho kikawa chumba masta cha kupangisha. Kodi ya miezi sita aliyolipa mpangaji wa kwanza ndiyo iliyonunua milango mingine.

Vyumba viwili vilivyobaki vikawa chumba na sebule, na choo cha kwenye kikorido kikaenda huko. Hapo mama akabaki na sebule, jiko na pa kulia chakula, bila chumba wala choo. Pa kulia chakula tukapajengea ukuta pakawa chumba chake. Choo kipya tukakiweka nyuma ya jiko, kwa sababu moja tu: bomba la majitaka tayari lilikuwa linapita pale. Ukitaka kujua choo kipya kikae wapi, usimuulize mchoraji, fuata bomba. Choo kikienda upande mwingine wa nyumba utavunja sakafu nzima kutafuta mteremko.

Kosa letu lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Fundi alipojenga ukuta wa kutenganisha, aliufikisha kwenye dari ya jipsam akaupaka rangi ukapendeza. Juu ya dari kulikuwa wazi kutoka mwanzo wa nyumba hadi mwisho. Wiki ya kwanza mama alijua mpangaji anadaiwa na nani na shilingi ngapi. Ikabidi dari ifunguliwe, tofali zipandishwe mpaka kwenye bati, dari ifungwe tena. Gharama ya ukuta ule tuliilipa mara mbili, na ya jipsam pia.

Halafu umeme, ambako wenye nyumba wengi wanapoteza fedha bila kujua. Desturi yetu ni mita moja ya LUKU na mchango. Kila mtu anazijua kesi zake: mwenye friji alipe kama watu wawili, mwenye pasi aseme anapiga mara moja kwa wiki, na uniti zikiisha saa tano usiku hakuna aliye na salio. Lakini hasara kubwa imo ndani ya bei. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida wa T1 shilingi 292. Ukijumlisha VAT na tozo, inakuwa 122 kwa 356 hivi. Chukua kaya tatu, kila moja inatumia uniti 60. Kwenye mita moja ni uniti 180, kwa hiyo nyumba imeshatoka kundi la wadogo: karibu shilingi 64,000 kwa mwezi. Kila kaya ikiwa na mita yake ndani ya D1, zote tatu kwa pamoja hulipa chini ya 22,000. Tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi nusu milioni kwa mwaka, na inatoka mifukoni mwa watu watatu wasio matajiri. Submita haisaidii hapa. Inamaliza ugomvi wa nani katumia kiasi gani, lakini uniti zote bado zimenunuliwa kwa bei ya juu.

Mita tatu zinataka nyaya zitenganishwe kweli, siyo kwa maneno: kila sehemu na saketi zake, na kazi ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Amueni mapema pampu ya maji na taa ya uani viwe kwenye mita ya nani. Sisi tuliviweka kwa mama, na kiasi hicho kimo ndani ya kodi. Kuna jambo jingine la mita. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida hukatwa 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kama inakatwa kwenye mita ya mpangaji, mpunguzie kwenye pango na uiandike kwenye mkataba, na kwa nyumba yenye mita kadhaa hakikisha ni moja tu inayokatwa. Nimeona watu waliokaa vizuri miaka mitatu wakigombana kwa ajili ya hiyo 1,500. 

Nimeliacha shimo la choo mwisho kwa sababu nasi tulilifikiria mwisho. Lilichimbwa kwa ajili ya watu watano. Baada ya mageuzi nyumba ilikuwa na watu tisa, na wapangaji wanafua nguo zaidi ya familia, maana kila kaya ina siku yake. Masika ya kwanza, ardhi iliposhiba maji, shimo lilifurika mchana wa Jumapili. Gari la kunyonya majitaka lilifika, likashindwa kuingia: mahali lilipokuwa likipita zamani tulikuwa tumeshajenga kibaraza cha mpangaji wa masta. Dereva alirefusha mpira mpaka mwisho, haukufika. Tulivunja kibaraza kile kile kilichojengwa miezi minne nyuma, na shimo la pili likachimbwa upande wa barabara.

Kwa hiyo wewe unayemwita fundi wiki ijayo, mwache kwanza akae kivulini. Chukua futi kamba, pima njia kutoka barabarani mpaka kwenye shimo lako, kisha pima upana wa gari la majitaka.