Kuhesabu Mawe ya Sakafu

Siku ya kwanza fundi hakugusa nyundo. Alifagia sebule, akaimwagia maji ndoo nzima, akachuchumaa mlangoni kuyatazama yanavyokwenda. Palipobonyea yalituama, penye ufa yakazama. Sakafu ilipokauka alitoa sarafu mfukoni, akaanza kugonga, ko, ko, ko, akisogea kidogo kidogo huku sikio ameliinamisha. Kila sauti ilipogeuka na kuwa ya mtungi mtupu, alichora alama kwa chaki. Mpaka adhuhuri alama zilikuwa 11, naye hajasema neno.

Nyumba iko mtaa wa Rohero. Ilijengwa miaka ya 1950, mji wa Bujumbura ukiitwa bado Usumbura na Wabelgiji wakitawalia hapo Ruanda-Urundi yote. Sakafu yake ni ya granito, ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam huiita terazo. Ni chembe za mawe zilizokorogwa na sima, zikamwagwa, zikashikana, kisha zikasagwa mpaka kila jiwe likaonyesha tumbo lake. Asili yake ni Venisi, ambako mafundi waliokota mabaki ya marumaru na kuyafanya sakafu za nyumba zao wenyewe. Vipande vyembamba vya shaba vinaigawa sebule hii katika miraba. Watu huvidhani pambo, na kweli vinapendeza, ila kazi yao ni kuupa ufa njia: sima ikinywea, ipasuke penye mstari badala ya kukata katikati.

Miaka kadhaa nyuma mtu aliyekaa humo alitaka karo nyeupe zinazong'aa. Ili gundi ishike, granito ilidonolewa kwa tindo, karibu chumba kizima, kama mahindi yaliyoliwa na kuku. Familia ya mwenye nyumba ilipozibandua karo hizo, nilisimama pale nikaona huzuni ya kweli. Niliamini hakuna la kufanya ila kufunika tena. Ndipo mtu mmoja akatuambia yupo fundi mzee mtaa wa Buyenzi, ndiye yule wa sarafu na chaki.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike. Mzee alikata kipande cha boksi, akatoboa katikati dirisha la mraba, upana wa shubiri moja. Alikilaza mahali pasipoguswa na tindo, nyuma ya mlango, akapiga magoti na kuanza kuhesabu mawe yaliyo ndani ya dirisha. Meupe mangapi, meusi mangapi, yale ya rangi ya ini mangapi. Makubwa kama punje ya maharage, madogo kama mchele, na vumbi la mawe linalojaza katikati. Akaandika kwenye daftari la shule. Akahamia kona nyingine, akahesabu tena. Alifanya hivyo mara kumi.

Nilimuuliza, "Mzee, si yalimwagwa tu ovyoovyo?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, mkono unaomwaga ovyo hauwezi kurudia. Huyu alirudia chumba kizima."

Tangu siku ile siwezi kuikanyaga granito bila kumfikiria aliyeikoroga. Jicho langu lilikuwa limeona mawe yaliyotawanyika, kumbe palikuwa na kipimo, na kipimo hicho kilikuwa bado kinasomeka baada ya miaka zaidi ya 60. Mzee hakuwa akitengeneza sakafu tu, alikuwa akijifunza kwa fundi asiyemjua.

Mawe aliyapata kwa kuvunja mabaki ya marumaru, na meusi aliyaokota mtoni. Akayapitisha kwenye chekecheke tatu, akayaosha mpaka maji yakatoka safi, kwa sababu jiwe lenye vumbi halishikani na sima. Kisha akafinyanga vipande vya majaribio, kila kimoja kama chapati ndogo, nyuma kina namba. Sima mpya ina ubuluu, ya zamani imegeuka kuwa na joto la manjano. Alichanganya sima nyeupe na ya kijivu, akaongeza rangi ya unga kwa ncha ya kijiko. Cha saba ndicho kilichokubali. Alikilaza sakafuni kikiwa kikavu, akakilaza tena kikiwa kimelowa, maana mchanganyiko unaweza kufanana ukiwa na maji na kukuaibisha ukikauka.

Pwani wanayo sakafu yao, ya chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe, na nafikiri mzee wetu angeelewana na mafundi wa Mji Mkongwe na Lamu. Huko chokaa na kokoto zililazwa juu ya boriti za mikoko, watu wakazipiga kwa vipande vya mbao siku nyingi, kwa nyimbo, mpaka zikashikana. Jina lenyewe, sakafu, limetoka kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni dari au paa. Na ni sawa, kwa kuwa paa la aliye chini ndilo anapokanyaga aliye juu. Ukiiziba sakafu ile kwa sima, sima ngumu haiendi pamoja na boriti inayopinda, tena inafungia unyevu ndani. Chokaa hutibiwa kwa chokaa, granito kwa sima na mawe ya ukoo wake.

Kwetu kilikuwa kiangazi, upepo unatoka ziwani, na Bujumbura wakati huo hukausha sima kabla haijapata nguvu. Kila kiraka kilichomwagwa kilifunikwa magunia mabichi, na kijana wake alikuwa anayalowesha asubuhi, mchana na usiku kwa wiki nzima. Vikifunuliwa, viraka ni vibaya: uji wa kijivu ulioganda. Ndipo mashine ikaingia, na maji, jiwe la kusagia la namba 36 kwanza, kisha 60, 120, 220, mpaka 400. Kwenye 60 mawe yakaanza kutokeza. Vitundu vidogo vikazibwa kwa uji wa sima ile ile, vikaachwa, vikasagwa tena. Pembeni, mashine isikofika, alisaga kwa mkono, amekalia kigoda.

Mlango wa jikoni una bonde dogo, lililochimbwa na nyayo za waliopita wakibeba sufuria. Mwenye nyumba alitaka lisawazishwe. Mzee alilipapasa kwa kiganja, akaomba liachwe, na likaachwa. Asidi aliikataza kabisa, hata siki na limau, kwani zinakula marumaru. Sabuni laini na maji tu.

Siku ya mwisho alikusanya chembe zilizobaki, akazitia kwenye kopo la maziwa. Juu yake akaweka ukurasa aliouchana kwenye daftari: meupe, meusi, ya rangi ya ini, kijiko cha rangi, namba saba. Akafunga kifuniko, akampa mwenye nyumba, akamwambia aliweke juu ya kabati, mahali ambapo fundi ajaye ataliona.