Kuibeba Hasira ya Joka

Katika World of Warcraft, gemu ya mtandaoni iliyotolewa na kampuni ya Blizzard mwezi Novemba 2004, adui hampigi yeyote aliye karibu tu. Kila adui ana daftari lake lisiloonekana, na humo kila mchezaji aliyemchokoza ana hesabu yake ya hasira. Pigo linalopunguza uhai wa adui kwa pointi 1 huandikwa hasira 1. Tiba ya pointi 1 huandikwa nusu, nayo hugawanywa kwa maadui wote waliomo vitani. Anayeongoza hesabu ndiye anayepigwa, na ili kumpokonya nafasi hiyo, kumzidi kidogo hakutoshi: anayepigana karibu sharti avuke asilimia 110 ya hasira yake, na anayeshambulia kwa mbali asilimia 130.

Kuongoza hesabu hiyo ndiyo kazi ya tenki, mbeba ngao. Ni kazi isiyo na mashabiki, kwa kuwa ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea. Mbele ya joka Onyxia, ambaye miaka ile ya mwanzo alivamiwa na kundi la hadi watu 40, ustadi huo ulionekana shingoni mwa joka. Tenki humgeuza akatazama ukuta, ili moto wa kinywani uishie kwake peke yake. Mchawi mmoja akishikwa na pupa ya kupiga, shingo inageuka, na moto unawaendea watu waliovaa nguo za kitambaa.

Mwanzoni gemu yenyewe haikuonyesha hesabu hii hata kidogo. Watu walikisia. Desturi moja iliyoenea ilikuwa kusubiri hadi tenki aichane deraya ya adui mara 5, ndipo wengine waruhusiwe kushambulia. Baadaye wachezaji wakatunga programu zao za nyongeza, KLHThreatMeter kisha Omen, zilizopanga hasira ya kila mmoja kwa mistari ya rangi. Oktoba 2008, katika toleo la 3.0.2, Blizzard nayo ikaweka maonyo ya hasira ndani ya gemu. Miongoni mwa gemu nyingine, Final Fantasy XI ya 2002 iliificha hesabu yake. Final Fantasy XIV, iliyozaliwa upya 2013, huweka alama ya rangi kando ya jina la kila adui, kuanzia kijani hadi nyekundu.

Wanaopinga kuonyesha hesabu hii wana neno la kusikilizwa. Joka anayesomwa kama mita ya luku huacha kutisha, na wapo wachezaji wanaomaliza pambano zima wakitazama mistari pembeni mwa kioo bila kumwona joka mwenyewe. Hata hivyo, siri hiyo ilikuwa na mtu wa kuilipia. Shingo ilipogeuka, hakuna aliyeweza kuthibitisha kama tenki alizembea au mchawi alizidisha, na lawama zilimwangukia mbeba ngao. Mstari wa rangi ulihamisha adabu ya kujizuia ukaiweka mikononi mwa mwenye pupa, mahali ilipostahili kuwa tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo rangi ya onyo inafaa ionekane na kila mtu. Tarakimu kamili zinatosha kuachiwa anayezitaka.

Wala ufundi haukufa kwa kuonyeshwa. Mita ya hasira husema hasira iko wapi sasa; haisemi itakwenda wapi. Onyxia anaporuka hewani, vitoto vyake humiminika kutoka mapangoni pande mbili za ukumbi. Havijaguswa na tenki, lakini mponyaji anayeendelea kutibu wenzake tayari ameandikwa katika madaftari yao yote. Anayengoja mita ibadilike rangi amechelewa. Tenki mzoefu huwa ameshasogea kati ya pango na mponyaji, na kila kitoto kinapopita hukitandika walau pigo moja. Lipo pia chokozo, mbinu inayompa tenki hasira sawa na ya aliye juu na kumlazimisha adui amkabili kwa sekunde chache. Likishatumika, huchukua muda kabla halijawa tayari tena. Kwa hiyo halitumiwi mapema kwa kupaparika: huwekwa akiba hadi joka atue tena chini, wachawi waanze kumimina moto wao wote, na shingo ianze kugeuka.