Baazigar: Seema Tunamsahau Mapema Mno

Kuna tukio moja kwenye Baazigar (1993) ambalo hadi leo linanikaba koo. Ajay, yaani Shah Rukh Khan, anampandisha Seema juu ya ghorofa la ofisi ya ndoa, anamkalisha ukingoni, halafu anamtupa chini. Mtoto wa watu kaja kuolewa!

Abbas-Mustan walilichota wazo kwenye riwaya ya Ira Levin ya 1953, ila muuaji wa Levin anachotaka ni mali tu. Huyu wa Bombay kapewa kisasi na mama mgonjwa, basi akifa mikononi mwa mama tunamlilia yeye. Sawa, Madan Chopra aliwadhulumu. Lakini binti yake alimkosea nini? Mimi naona ni Priya pekee, yule Kajol, anayekataa kwamba dada yake kajiua.