Jeraha Lina Mwenyewe: Kazi ya Tom Savini Ikipimwa kutoka Lukole

Uhakiki wa sanaa yoyote hauna budi kuanza na swali la mizani: kazi ipimwe kwa kipimo gani, na mpimaji amesimama wapi? Kazi ya Tom Savini, fundi Mmarekani wa kutengeneza nyuso za kutisha na majeraha ya sinema, aghalabu imepimwa na mafundi wenzake na wapenzi wa sinema hizo, nao wameisifu kwa kuwa majeraha yake yafanana na ya kweli. Katika insha hii nataka kuipima kutoka mahali pengine, yaani Lukole, katika nchi ya Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Hapo palikuwa na kambi ya wakimbizi iliyopata kuwa na watu zaidi ya laki moja, walio wengi Warundi waliokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Kambi hiyo ilifungwa mwaka 2008. Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1994, mto Kagera ulichukua maiti za waliouawa Rwanda ukazifikisha Ziwa Viktoria. Siwasemei watu wa Lukole, wala sidai kwamba walipata kuziona sinema za Savini. Nasema tu kwamba mahali ambapo jeraha la kweli lajulikana, sifa ya kufanana haitoshi.

Savini alizaliwa Pittsburgh, Pennsylvania, tarehe 3 Novemba 1946. Katika utoto wake aliona sinema ya mwaka 1957 iliyoeleza maisha ya Lon Chaney, mwigizaji wa zama za sinema zisizo na sauti aliyekuwa akijibadili uso kwa mikono yake mwenyewe. Tangu hapo akatamani ufundi huo. George Romero alimtaka amsaidie katika Night of the Living Dead ya mwaka 1968, lakini jeshi lilimchukua kabla. Huko Vietnam alikuwa mpiga picha wa jeshi, na miongoni mwa aliyoyapiga picha ni miili ya watu walioharibiwa na vita. Amepata kueleza kwamba kioo cha kamera kilimkinga: aliyatazama yale kana kwamba ni kazi ya ufundi, akijiuliza yangeweza kutengenezwaje. Aliporudi, alivipima vyote alivyovitengeneza kwa kumbukumbu ile. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, na nionavyo mimi, ndipo ulipo upungufu wake pia.

Tuanze na Deathdream (1974), sinema ya Bob Clark, ambamo Savini alisaidiana na Alan Ormsby aliyeandika hadithi yenyewe. Askari kijana auawa Vietnam. Mama yake akataa habari ya kifo, amwita kwa maombi, na mwana arudi nyumbani. Lakini aliyerudi ni maiti, naye hawezi kuuzuia mwili wake usioze ila kwa damu ya watu. Uso wake wabadilika hatua kwa hatua: kwanza weupe tu, kisha ngozi yaharibika, hata mwishoni ajilaza katika kaburi alilojitengenezea, mama yake yu kando. Fedha ilikuwa haba, na kazi ya mikono yaonyesha uhaba huo. Walakini kila badiliko la uso lina mtu wa kuliona na kuumia. Jeraha lina mwenyewe, na mwenyewe ana mama.

Dawn of the Dead (1978), iliyopigwa katika jengo la maduka la Monroeville karibu na Pittsburgh, ndiyo iliyomtangaza. Hapo maiti hutembea na kula watu. Kwetu mtu angeziita misukule, ingawa msukule wa kwetu hutumikishwa na mchawi, hali maiti za Romero hazina bwana. Savini alizipaka nyuso rangi ya kijivu, na mbele ya taa nyingine zikaonekana za buluu. Damu nayo ilitoka nyekundu mno, hata yeye mwenyewe hakuridhika. Romero aliona yafaa, kwa kuwa sinema ile ilikuwa na tabia ya vitabu vya katuni. Katika hili nakubaliana na Romero. Damu ile yakiri kwamba ni rangi. Haijifanyi ushahidi mbele ya mtu aliyeona damu.

Katika Friday the 13th (1980) ustadi ulizidi na maana ikapungua. Kijana amelala kitandani. Mshale watokea chini ya kitanda na kupenya koo lake. Kwa hakika mwigizaji, Kevin Bacon, alikuwa chini ya kitanda, kichwa tu kikitokeza katika tundu, na shingo na kifua tuvionavyo ni vya bandia. Damu ilikuwa isukumwe kwa pampu. Mrija ulipochomoka, msaidizi wa Savini aliushika akaupuliza kwa kinywa chake, na damu ikabubujika. Hila hii yastahili sifa zote za ufundi. Lakini aliyekufa ni nani? Twamjua kidogo sana, na hakuna anayepewa nafasi ya kumlilia. Ameletwa ili apenywe. Hii ndiyo kazi ya yule aliyesimama nyuma ya kioo: aona namna mwili unavyofunguka, haoni ni nani aliyefunguliwa.

Msomaji aweza kuuliza: je, hofu si mchezo? Mbona bibi zetu walitutisha kwa mazimwi, nasi hatukuwadai matanga? Hoja hii ni ya haki. Lakini tuiangalie hadithi ya Nunda mla watu, iliyomo katika mkusanyiko wa Edward Steere wa mwaka 1870. Paka wa sultani awa mnyama mkubwa, ala watu, hata wana wa sultani wamo katika walioliwa. Hadithi haikai kutuchorea majeraha. Hofu yabebwa na mama, ambaye kila mara mwanawe aletapo mnyama aliyemuua humwambia kwamba siye huyo, na kumsihi asiende tena asije akaangamia kama ndugu zake. Mchezo upo, lakini walioliwa hawakusahauliwa.

Savini mwenyewe alilikaribia jambo hili katika Day of the Dead (1985), iliyompatia Tuzo ya Saturn. Wengi hukumbuka kapteni anayeraruliwa hai, mahali yalipotumika matumbo halisi ya nguruwe, nayo yalikuwa yameoza kwa kuwa jokofu lilizimika. Mimi nachagua uso mwingine, wa maiti aitwaye Bub, aliyeigizwa na Sherman Howard. Daktari amfundisha kukumbuka vitu vya uhai wake. Siku moja Bub amkuta mwalimu huyo ameuawa, naye ashikwa na huzuni. Ngozi ya bandia haikuuzuia uso wa mwigizaji kusema. Fundi alitengeneza mauti, akaacha nafasi ya msiba.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba Savini ni mkubwa zaidi katika Bub na katika askari wa Deathdream kuliko katika makoo yote aliyoyatoboa kwa ustadi. Mwanafunzi atakayehakiki sinema za kutisha, ziwe za Pittsburgh au za Dar es Salaam, asiulize kwanza damu ilitengenezwaje. Aulize ni ya nani, na ni nani anayeililia; maana hilo ndilo swali ambalo mtu wa Lukole angekuwa na haki ya kutuuliza.