Sasisho 5958: siku antivirasi ilipoikamata svchost

Ukifungua Task Manager kwenye kompyuta ya Windows, jina linalojirudia kuliko yote ni svchost.exe. Mistari kumi, ishirini, na kwenye mashine mpya hata hamsini na ushee. Wengi huingiwa na wasiwasi hapo hapo, na si ajabu: programu gani halali inajizalisha namna hiyo? Jibu ni la kiufundi tu. Huduma nyingi za Windows, kuanzia inayoomba anwani ya mtandao hadi inayotafuta masasisho, zimeandikwa kama faili za DLL, na DLL haiwezi kujiendesha yenyewe. Lazima iwepo programu ya kuipakia, na kazi hiyo ndiyo ya svchost. Zamani huduma nyingi zilirundikwa ndani ya svchost moja. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, lililotoka 2017, kompyuta yenye RAM inayozidi GB 3.5 huzipa huduma nyingi svchost yake kila moja, ndiyo maana orodha imerefuka.

Waandishi wa virusi nao wanalijua jina hilo. Wapo wanaochezea herufi na kuita faili yao scvhost au svch0st, wakitumaini hutatazama vizuri. Wajanja zaidi hawahangaiki na jina. Wanaingia ndani ya svchost halali. Conficker, mnyoo uliosambaa kuanzia mwishoni mwa 2008, ulijisajili kama huduma ili upakiwe na svchost yenyewe. Kwa hiyo antivirasi haiwezi kuipita svchost kwa kuwa tu ni mali ya Microsoft. Inalazimika kuichungulia. Swali ni inaruhusiwa kufanya nini baada ya kuchungulia.

Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilitoa faili yake ya kila siku ya saini za virusi, namba 5958. Marekani ilikuwa asubuhi, watu ndio kwanza wanawasha kompyuta. Kwetu jioni ilikuwa inaingia. Ndani ya faili hiyo mlikuwa na saini ya kunasa aina ya mnyoo uitwao W32/Wecorl.a, ambao hushambulia faili za mfumo na kujificha kwenye kumbukumbu. Saini ilipokutana na svchost.exe ya Windows XP yenye Service Pack 3, ilisema: huyu hapa. Antivirasi ikaikamata, ikaifuta au kuitia karantini.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Svchost ikiondolewa, huduma ilizobeba zinaanguka pamoja nayo, zikiwemo ambazo Windows haikubali kuishi bila hizo. Mashine inajizima, inawaka, inajizima tena. Nyingine zilibaki zimewaka lakini hazina mtandao kabisa. Hapa ndipo ninapoona uzito wa kosa lenyewe. Sasisho la marekebisho, namba 5959, lilitoka siku hiyo hiyo, lakini lingefikaje? Sasisho husafiri kwa mtandao, na mtandao ulikuwa umebebwa na svchost. Antivirasi ilikuwa imekata tawi ililokalia.

Dawa ikawa ni miguu. Fundi alikwenda kwenye kila mashine na fleshi au CD mkononi, akaiwasha kwa Safe Mode, akaweka faili ndogo ya EXTRA.DAT iliyoiamuru antivirasi iache kuiona Wecorl pale isipokuwepo, kisha akanakili svchost.exe kutoka kwenye akiba ya dllcache na kuirudisha System32. Kwa mashine moja si kazi kubwa. Kwa kampuni yenye maelfu ya kompyuta, tena nyingine ziko kwenye matawi yasiyo na fundi, ni jambo jingine. Coles, wenye maduka makubwa Australia, walilazimika kufunga baadhi ya maduka kwa sababu mashine za malipo zilikwama. Hospitali kadhaa za Rhode Island ziliahirisha upasuaji usio wa haraka. Polisi wa Kentucky waliambiwa wazime kompyuta zilizomo kwenye magari ya doria. Intel nao waliathirika; miezi michache baadaye walitangaza kuinunua McAfee yenyewe, kwa dola bilioni 7.68.

Maelezo ya McAfee kuhusu chanzo yalikuwa mafupi na, kwa maoni yangu, ya kuaibisha: katika mashine za majaribio hamkuwa na XP SP3 yenye antivirasi yake ya VirusScan Enterprise 8.7. Yaani mfumo uliokuwa umejaa maofisini wakati huo haukujaribiwa. Lakini nisingeishia kwenye majaribio. Saini hukosea, na zitaendelea kukosea, kwa sababu zinatafuta mfanano. Mei 2007 Symantec iliziita netapi32.dll na lsasrv.dll za Windows XP ya Kichina kuwa virusi, kompyuta zikagoma kuwaka. Novemba 2008 AVG ikafanya hivyo hivyo kwa user32.dll. Kilichokosekana mara zote hizo ni kizuizi kati ya kushuku na kufuta: kuuliza kwanza kama faili ina saini ya kidijitali ya Microsoft, na kama imo kwenye orodha ya faili safi zinazojulikana. Baada ya Aprili 2010 ndipo McAfee ilipoahidi kupanua orodha kama hiyo kwa faili nyeti za mfumo.

Ukipata onyo la aina hii kwenye mashine yako, usikimbilie kufuta. Bofya kulia kwenye svchost ile ndani ya Task Manager, uombe kuona faili iliko. Svchost halali hukaa C:\Windows\System32, au SysWOW64 kwa nakala ya biti 32. Ikionekana kwenye folda ya Temp, huyo ni mgeni. Amri ya tasklist /svc itakuonyesha huduma zilizomo ndani ya kila moja. Isiyo na huduma hata moja inastahili kuchunguzwa. Na ukilazimika kuchagua, chagua karantini, kwa sababu kutoka karantini faili hurudi.

Afisa mkuu wa teknolojia wa McAfee wakati huo aliitwa George Kurtz. Baadaye alishiriki kuanzisha CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, na ndiye aliyekuwa akiiongoza tarehe 19 Julai 2024, faili yake ya sasisho ilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Kosa halikuwa lile lile. Safari hii hakuna faili iliyodhaniwa kuwa kirusi. Programu ilitarajia sehemu 21 za taarifa, ikapewa 20, ikasoma nje ya mipaka ya kumbukumbu ndani ya kiini cha Windows. Ila njia ya kusambaza ilikuwa ile ile: faili ndogo, kwa kila mteja, kwa mkupuo, na mafundi wakarudi kuzunguka mashine moja moja kwa Safe Mode. Baada ya hapo ndipo CrowdStrike ilipoanza kutoa masasisho hayo kwa awamu, na kumwachia mteja aamue kama yeye awe wa kwanza kuyapokea au asubiri.